Visu vya Gerson Visivyo na Chuma Shingoni

Mume wangu anatengeneza visu vya kukunja. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila anayepita kibanda chetu hapa Kizota anauliza geti la futi kumi linachukua siku ngapi. Hatutengenezi mageti, hatutengenezi madirisha. Tunatengeneza visu vya kutia mfukoni, na nikisema tunatengeneza nina maana anatengeneza Gerson, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye akishakaa kwenye kigoda chake asubuhi hanyanyuki mpaka nimwite mara tatu. Ile ya tatu siiti kwa upole.

Kisu chenyewe kiko hivi. Mpini ni mti wa mkole, urefu wa kiganja. Unachanwa ufa mmoja kwa msumeno, bapa la kukatia linaingizwa humo na kushikwa na ribiti moja ya shaba. Basi. Hakina springi, hakina loki, na pale shingoni, mti unapokutana na bapa, hakina kile kipande cha chuma kinachong'aa ambacho visu vyote vya dukani vinacho. Ni mti mtupu. Kinacholizuia bapa lisijifunge ni mti wenyewe unavyolibana. Ukikifungua unasikia kinakataa kidogo, halafu kinakubali, na kikishakubali kinatulia.

Shaaban, mchomeleaji wa kibanda cha pili, miaka yote anamwambia, "Fundi, niachie nikukatie vipete vya chuma uvalishe hizo shingo, ulale usingizi." Gerson anatikisa kichwa. Anasema chuma kinaficha. Mti ukianza kupasuka chini ya chuma mwenye kisu haoni kitu, lakini mti ulio wazi unauona ufa ungali mwembamba, unarudisha kisu kabla hakijakudhuru. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake huko Mvumi, na mzee yule aliwatengenezea wachungaji visu vya aina hiyo hadi macho yalipomwishia. Gerson alijaribu kazi nyingine, asikudanganye mtu. Alikuwa mlinzi wa godauni miaka minne. Alikuwa anachonga mipini getini, magari yanapiga honi hasikii, wakamwondoa. Hakusikitika hata kidogo. Nilisikitika mimi kwa niaba yake.

Sasa huo mti wa mkole ndio wenye mambo. Hauanikwi juani, maana jua la Dodoma linaupasua ndani ya wiki. Unapandishwa kwenye uchaga juu ya mafiga, jikoni kwangu, uote moshi kuanzia kiangazi kimoja mpaka kingine. Miaka ishirini na sita nimepika chini ya mipini. Nasonga ugali, mipini juu yangu. Nakoroga mlenda, mipini. Masizi yanadondoka kwenye sufuria, mimi nakohoa, macho yananitoka maji, na bwana yule akiingia jikoni hatazami chakula, anatazama juu kuona mti wake unaendeleaje. Kuna siku nilimuuliza kama alinioa mimi au alioa moshi wangu. Akafikiri! Haki ya Mungu, akasimama akafikiri kwanza.

Mwaka jana kifua kilinikamata mpaka nikalazwa. Daktari akasema, mama, moshi sasa basi. Hilda, binti yetu anayefundisha Singida, akaja Krismasi na mtungi wa gesi na jiko la plate mbili. Nililia. Gerson alifunga mpira wa gesi mwenyewe, akausikiliza kwa sikio kama unavuja, akawasha, akacheka kama mtoto. Siku ileile nikayabeba mafiga yote matatu nikayatupa nyuma ya choo. Nikapaka kuta chokaa. Nikaanza kulala usiku mzima bila kukohoa, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba watu hukifanya.

Na mti wa mkole uliokatwa mwezi wa tisa ukabaki kwenye uchaga, umepata moshi wa miezi mitatu tu, unasubiri uliobaki. Hakuna kati yetu aliyetazama juu. Kuanzia Machi nikawa nafagia unga mwembamba wa njano kwenye sakafu ya jikoni. Nikadhani ni udongo wa dari. Nikawa nausema kila asubuhi, nafagia nausema, mpaka Juni, Gerson alipoushusha ule mti akachonga visu tisa. Kwa nje ulikuwa safi. Nikavipeleka mnadani Msalato siku ya Jumamosi, kama kawaida, vikanunuliwa saba, viwili vikarudi.

Ilikuwa Agosti, ule upepo wetu mkavu umeshaanza, Jumamosi nyingine palepale mnadani. Iddy, mchoma nyama, akaniita kwa mkono. "Mama Hilda, njoo uone maajabu." Alikuwa na plasta kwenye kidole cha shahada. Akanionyesha kisu chetu. Shingo imepasuka pande mbili, ribiti inaning'inia. Alikuwa anakata ubavu wa mbuzi, akasema, bapa likakwama kwenye mfupa, akalivuta, mara mti ukaachia na bapa likajifunga juu ya kidole. "Kimenigusa tu," akasema. "Ningekuwa nimekishika vizuri zaidi, kidole kingekwenda kwa mteja."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mpini. Ndani ya mti mlikuwa na vijitundu, na kwenye vijitundu mlikuwa na unga. Njano. Ule ule. Bungua, wale wadudu wanaokula mti kwa ndani na kuuacha ngozi. Bungua hawakai kwenye moshi, na moshi niliuondoa mimi.

Nikakifunga kisu kwenye khanga nikaenda nacho nyumbani. Gerson akakiweka mezani, akavua miwani, akaivaa, akagonga mpini kwa msumari. Akapuliza unga.

"Ni mkono wangu," akasema mwishowe. "Nimezeeka, Mama Hilda. Nimetoboa tundu pana, mti umeshindwa kushika."

Tundu halikuwa pana. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Nami nikanyamaza. Mimi Restuta, ambaye sijanyamaza hata siku ya kipaimara changu, nikanyamaza kama mwizi. Kwa sababu kama ningesema ni moshi, kesho yake ningetakiwa kuokota mafiga nyuma ya choo. Hakuna ambaye angenilazimisha. Ningejilazimisha mwenyewe. Na nilikuwa sitaki, jamani. Nilikuwa nimeonja kupumua.

Gerson akaleta vile viwili vilivyorudi, akavigonga. Kimoja kikalia vizuri. Cha pili kikatoa sauti ya kibuyu. Akanitazama, uso umempauka. "Vingine viko wapi?"

Jumapili baada ya ibada tukaanza kuzunguka. Wanunuzi wetu tunawajua kwa sura na kwa vibanda. Tukavipata vitano, tukawapa watu vya zamani badala yake, vile vya moshi halali. Kila kimoja kikifika mkononi mwa Gerson anakigonga kwa kucha, na kila kikilia kibuyu anafumba macho. Vitatu kati ya vitano vilikuwa maganda matupu. Jioni kikabaki kisu kimoja tu ambacho hatukukipata, na hicho alikuwa nacho Batholomeo wa Hombolo.

Batholomeo ana mkono mmoja. Wa kushoto ulichukuliwa na mkanda wa mashine ya kusaga akiwa kijana, umebaki kigutu chini kidogo ya kiwiko. Mkono wa kulia ndio anaolimia, ndio anaokamulia, ndio anaotia tonge mdomoni na kujifungia vifungo vya shati. Visu vya dukani vinamshinda, vyenye springi vinamng'ang'ania na vyenye loki vinataka mikono miwili. Kisu cha Gerson anakifungua kwa meno na kukifunga kwa kukisukuma kwenye paja. Kila anapokuja mnadani anawaonyesha watu, "Tazameni, hiki kilitengenezwa kwa ajili yangu na fundi mwenyewe hajui." Ni rafiki wa mume wangu wa miaka mingi, na mimi ananiita shemeji. Na sasa kile kisu kiko kwenye mkono ule mmoja, mahali fulani Hombolo, msimu wa zabibu, na kama kikijifunga kitajifunga juu ya vidole ambavyo akivikosa hana vingine.

Nilimwambia Gerson ampigie simu. Akapiga Jumapili ileile usiku haujaingia, mimi nimekaa pembeni.

"Bwana Batho, habari za huko? Ee, tunashukuru. Sikiliza, kile kisu, hebu kilete nikinoe."

Nikamkazia macho. Kunoa? Nikasikia sauti ya Batholomeo ikicheka kwenye simu, kisu kinakata mpaka nywele, hana haja, asante fundi. Gerson akasema haya, akakata.

"Kunoa!" nikapiga kelele. "Mwambie kibovu! Neno moja, kibovu!"

"Nitamwambia. Sikupata pa kuanzia."

"Pa kuanzia si hapo hapo?"

Akainamisha kichwa. Mtu yule hajawahi kumwambia mnunuzi kwamba kisu chake ni kibovu. Hajawahi kuwa na sababu. Na Batholomeo amemsifia Hombolo nzima, amemletea wateja, amemsimamia Hilda kipaimara. Alimwonea aibu. Jumatatu akapiga tena, mimi namsukuma ubavuni, akasema vilevile, lete nikinoe, usikitumie sana mpaka nikione. Batholomeo akamjibu kwamba wiki hii anavuna, hawezi kuja mjini, na kisu hicho ndicho anachovunia. Gerson akamtakia mavuno mema. Nami ningeweza kumpokonya simu. Sikumpokonya. Kwa sababu Batholomeo angeuliza kimekuwaje, na mimi jibu nilikuwa nalo.

Jumanne tukapiga, simu imezimwa. Tukapiga tena, imezimwa. Mpaka jioni, imezimwa. Gerson alikuwa anaizungusha mkononi, anapiga, anaweka, anapiga. Ugali wake ukapoa akawamegea kuku. Nami kila nikifumba macho naona meno ya Batholomeo yakifungua kisu kile na mkono ukikishika kwa nguvu, jinsi anavyokishika, maana hana wa kumsaidia. Nikatoka nje nikayatazama mafiga nyuma ya choo, nikarudi ndani.

Jumatano alfajiri Gerson akaitoa pikipiki yake, ile kuukuu ya kubebea mkaa wa kufulia mabapa. Nikapanda nyuma. Hakuniuliza nakwenda wapi.

Upepo ulikuwa unatupiga mchanga usoni. Nikamwita mgongoni kwake, "Baba Hilda."

"Naam."

Neno likaja mpaka kwenye meno. "Basi. Endesha."

Tukaenda kidogo. Naye akasema, bila kugeuka, "Na mimi nina neno nataka kukwambia."

"Neno gani?"

"Tukishakiona kile kisu."

Nikadhani anataka kuniambia anaacha kazi. Alikuwa ameshasema siku ile ya Jumamosi, kwamba mkono ukishakosea mara moja hauaminiki tena. Ningemruhusu aache, aende akawe mlinzi tena, kwa kosa langu? Nilijichukia mpaka nikahisi joto usoni. Halafu tairi la nyuma likapiga pancha, karibu na njia panda, tukasukuma mpaka kwa fundi, na fundi akawa anakunywa chai. Nilimsemesha fundi yule maneno ambayo Jumapili yake ilibidi niyapeleke kwa padri. Akaacha chai.

Tulifika kwa Batholomeo jua limeshapanda. Mke wake, Evelina, alikuwa anapepeta uwele uani. Akatupokea kwa furaha, karibuni, karibuni, mbona asubuhi hivi, kuna msiba?

"Batho yuko wapi?" Gerson akauliza hata kabla ya salamu.

"Shambani tangu alfajiri. Gari la wanunuzi wa zabibu linakuja saa sita. Simu imekufa chaji tangu jana, umeme hakuna." Akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini?"

"Anavunia kisu kipi?" nikauliza.

"Kipi tena, shemeji? Si hicho chenu. Hicho nadhani hata kitandani analala nacho."

Tukaondoka mbio. Mimi nina miaka hamsini na moja na kifua kilichopona nusu, nilikimbia kati ya mistari ya mizabibu, matawi yananikwaruza, naita Batholomeo, Batholomeo. Gerson mbele yangu, miwani mkononi. Kisha nikamwona, mwisho wa mstari, ametupa mgongo. Akageuka. Mkono wake ulikuwa mwekundu kuanzia kwenye kucha mpaka kifundoni, unachuruzika.

Nilipiga yowe. Nilipiga yowe mpaka wavunaji wa shamba la jirani wakasimama.

"Shemeji! Nini?" Akautazama mkono wake, akacheka. "Aa! Zabibu hizi. Zimeiva mpaka zinapasuka zenyewe. Mbukwa, fundi!" akasalimia kwa Kigogo. "Mmekuja kunisaidia?"

Ulikuwa mkono mzima. Vidole vitano, nilivihesabu. Nikajiambia, yamekwisha, Mungu wangu, asante, yamekwisha. Kilichobaki ni Gerson kusema maneno matatu na kunyoosha mkono.

Gerson akanyoosha mkono. Akasema, "Nipe hicho kisu, Batho. Nimekuja kukinoa."

Hata sasa nikikumbuka nataka kumpiga.

"Kunoa?" Batholomeo akacheka. "Umetoka Kizota kuja kunoa? Kisu hiki hakijawahi kuwa kikali kama leo. Hebu ona." Kabla hatujasema lolote akainama kwenye shina moja kuu kuu la mzabibu, kavu, nene kama kifundo cha mguu, akalibana kwa kigutu chake na kuegemea kwa uzito wake wote. Bapa likaingia. Likaingia nusu, likakwama. Akaanza kulitikisa alitoe.

"Acha!" Gerson akasema.

"Kinatoka, kinatoka."

Alikishika kwa vidole vyote vinne, vimezunguka ule ufa ambamo bapa hulala. Nilikuwa karibu yake kuliko Gerson. Niliona shingo ya kisu ikifunguka mstari mweusi, na unga ukamwagika juu ya maji ya zabibu kwenye vidole vyake. Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Niliruka nikalikamata lile bapa kwa mkono wangu wenyewe, nikalivuta upande wangu, na mti ukaachia.

Sikusikia maumivu, nilisikia baridi. Bapa lilikuwa limekaa kwenye vidole vyangu viwili vya kulia, na mpini umebaki mkononi mwa Batholomeo, nusu mbili zilizotengana. Kisha damu ikaja, na hiyo haikuwa zabibu.

Batholomeo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya jambo. Alitupa mpini, akavua kitambaa cha kichwani mwake, akakizungusha kwenye vidole vyangu, akakikaza kwa mkono na meno, haraka kuliko nilivyowahi kuona mtu wa mikono miwili akifunga kitu chochote. Akaunyanyua mkono wangu juu ya kichwa. "Usiushushe." Gerson alikuwa amepiga magoti, ananishika mguu, sijui kwa nini mguu, anasema Mama Hilda, Mama Hilda.

Batholomeo akaokota nusu ya mpini. Akaigeuza. Unga ukamwagika kwenye kiganja chake chekundu ukashikamana na maji ya zabibu.

"Huu unga ni wa nini, fundi?"

Gerson akautazama ule unga.

"Nakuuliza."

"Ni bungua," nikasema mimi. Nikawa nimeshaanza kulia, kwa damu, kwa hofu, kwa siku zile zote. "Mti haukuota moshi. Tulipoanza kupikia gesi, mti ulikuwa juu ya uchaga na mimi nikaondoa mafiga. Ni mimi, shemeji. Nilijua tangu Jumamosi, nilipouona huo unga kwa Iddy nilijua." Nikamtazama mume wangu. "Tundu halikuwa pana, Baba Hilda. Mkono wako hauna kosa lolote. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kurudi kwenye moshi."

Gerson alikuwa bado amepiga magoti. Akasema, "Najua hauna kosa."

"Unajua?"

"Jumamosi nilipopuliza ule unga nilijua, na ulipokwenda kuteka maji nilipanda kwenye uchaga kuhakikisha. Nikaushika mti uliobaki. Nikaona."

"Mbona ukasema ni mkono wako?"

"Ningesemaje?" akasema. "Nakufahamu. Asubuhi yake ungekwenda nyuma ya choo ukayachukua mafiga. Nilikaa na wewe hospitali siku kumi na moja, nikisikiliza kile kifua. Ndilo neno lenyewe nililotaka kukwambia. Kwamba usiyarudishe. Afadhali niseme nimezeeka."

Sikujua la kufanya na moyo wangu. Miaka ishirini na sita, na siku moja nilimuuliza kama alioa moshi. Nilimpenda pale chini kwenye udongo mpaka nikasahau vidole. Nikaweka mkono wangu mzima juu ya kichwa chake, na tukawa tunalia wote wawili kama watoto, watu wazima, katikati ya shamba la mtu.

Batholomeo alitungoja. Alikuwa amesimama na nusu ile ya mpini, na alipoanza kusema hakupaza sauti.

"Kwa hiyo wewe ulijua," akamwambia Gerson. "Na mkeo alijua. Jumamosi. Jumapili mkanipigia, mkasema nilete mninolee. Jumatatu mkanipigia, mninolee. Mimi nikamwambia Evelina, hakuna mtu anayenipenda kama fundi, anahangaika na kisu changu kuliko mimi mwenyewe. Jana nimevuna nacho kutwa. Leo nimevuna nacho tangu alfajiri."

"Batho," Gerson akasema.

"Ngoja." Akaufungua mkono wake mbele ya macho yake, mwekundu, una unga, akaugeuza upande wa juu, akaugeuza upande wa chini, taratibu, kama mtu anayekagua kitu alichoazimwa. "Mnahurumiana vizuri sana nyinyi wawili. Kwa mkono wangu."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na kitambaa chake kilikuwa kinalowa mkononi mwangu.

Akatupa mpini kwenye majani. Akarudi kwenye mstari wake, kwa sababu gari lilikuwa linakuja saa sita na yeye hakuwa na kisu tena. Akawa anakivuta kichala, anakisokota kwenye kikonyo mpaka kikonyo kinakatika, anakiweka kwenye kreti, anashika kingine. Kwa mkono mtupu ni kazi ya polepole, zabibu zinapasuka.

Evelina alikuja akanichukua kwenda zahanati nikashonwa. Tukiondoka, nilipogeuka mwisho wa mstari nilimwona Gerson amesimama upande wa pili wa mizabibu, mkabala na rafiki yake, anasokota vichala naye kwa mikono yake miwili na kuviweka kwenye kreti lilelile. Batholomeo hakumkaribisha, wala hakumfukuza.